Maisha ya Bibi Soong Ching-ling, Mjane wa Dokta Sun Yat-sen

Baada ya kuwatolea wanachama hesabu za fedha na habari za kazi iliyofanyika, twaona vema kuweka katika kijitabu hiki maisha ya mtu mmoja aliyetumia siku zake kwa ajili ya ustawi wa watu wengine. Safari hii tumemchagua mwanamke wa nchi ya mbali, Bibi Soong Ching-ling wa Uchina. Huenda baadhi ya wazee wetu hapa Bokoli, na ndugu zetu walio Kitale na Bungoma, watauliza Mchina ana habari gani nasi. Jibu letu ni kwamba katika mikutano yetu limezuka mara nyingi swali ambalo hatujalimaliza, nalo ni hili: je, msaada wa chama umfikie mtu asiye wa ukoo wetu, au asiyesali pamoja nasi, au aliyempigia kura mtu tusiyempenda? Swali hilo bibi huyu aliulizwa, tena katika wakati wa vita, na jibu alilolitoa lilimgharimu ndugu na jamaa. Kwa hiyo maisha yake yatufaa.

Alizaliwa mjini Shanghai tarehe 27 Januari 1893, wakati Uchina ilipokuwa bado ikitawaliwa na mfalme. Baba yake, aliyejulikana kwa Wazungu kama Charlie Soong, alitoka katika kisiwa cha Hainan, akaenda Marekani akiwa kijana maskini, akabatizwa na kusomeshwa huko, kisha akarudi kwao kuwa mhubiri wa Kimethodisti. Baadaye aliacha kazi ya uhubiri akaanzisha kiwanda cha kupiga chapa, akawa anachapa Biblia na vitabu vingine, naye akatajirika. Walakini mchana alichapa Biblia, na kwa siri alimsaidia kwa fedha rafiki yake, mganga mmoja aitwaye Sun Yat-sen, aliyekuwa akifanya shauri la kuuondoa ufalme na kuleta jamhuri.

Mzee huyo alikuwa na watoto sita, mabinti watatu na wavulana watatu. Katika siku zile mabinti wengi wa Kichina walifungwa miguu tangu utoto ili ibaki midogo, wasiweze kutembea sawasawa, na shule ilikuwa ni jambo la wavulana. Charlie Soong na mkewe hawakufuata desturi hiyo. Mabinti wao hawakufungwa miguu, na wote watatu walipelekwa shule, na kisha ng'ambo. Wazazi wa kwetu ambao bado wasitasita kumlipia msichana karo na walifikirie jambo hilo, maana mabinti hao watatu walikuja kujulikana ulimwenguni kote kuliko kaka zao.

Mwaka 1907 Ching-ling alisafiri kwenda Marekani pamoja na mdogo wake Mei-ling, akasoma katika chuo cha Wesleyan huko Macon, katika jimbo la Georgia. Akiwa huko alipata habari kwamba mapinduzi yamefanikiwa kwao. Jamhuri ilitangazwa tarehe 1 Januari 1912, na Dokta Sun akawa rais wake wa kwanza wa muda. Lakini hakukaa miezi mitatu katika cheo hicho, kwa kuwa nguvu za silaha zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, Jemadari Yuan Shikai, naye Dokta Sun akamwachia kiti ili kuepusha umwagaji wa damu. Yuan aligeuka kuwa mtawala wa mabavu, na kufika mwaka 1913, msichana wetu alipomaliza masomo, Dokta Sun alikuwa mkimbizi katika nchi ya Japani.

Jamaa yote ya Soong nayo ilikuwa Japani wakati huo. Dada mkubwa, Ai-ling, alikuwa karani wa Dokta Sun, na alipoolewa na tajiri H. H. Kung mwaka 1914, Ching-ling alishika kazi yake. Hapo ndipo yalipoanza mambo yaliyowatia wazazi wake uchungu. Dokta Sun alikuwa amemzidi umri kwa miaka ishirini na sita, alikuwa rafiki wa baba yake, na alikuwa amekwisha kuoa na kupata watoto wakubwa. Wazazi walikataa katakata. Ching-ling aliondoka nyumbani, wakaoana mjini Tokyo tarehe 25 Oktoba 1915. Hatusemi haya ili kuwafundisha vijana kuwaasi wazazi wao. Twayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yaonyesha tangu mwanzo tabia ya mtu ambaye akishaamua jambo hakurudi nyuma.

Miaka kumi ya ndoa yao ilikuwa miaka ya kuhama na hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 1922, katika mji wa Guangzhou, jemadari mmoja aliyekuwa akiaminiwa na Dokta Sun alimgeukia na kuishambulia nyumba yake kwa risasi na mizinga. Bibi huyu alimsihi mumewe atangulie kukimbia, akisema kwamba nchi yaweza kuishi bila yeye mwanamke, lakini haiwezi kuishi bila mumewe. Mumewe alifika salama katika manowari. Yeye alibaki nyuma na walinzi wachache, akatoka chini ya risasi, akajigeuza mavazi kama mwanamke wa shamba, hata akaokoka. Alikuwa na mimba, na mimba hiyo iliharibika. Tangu siku hiyo hakupata mtoto tena maisha yake yote. Mama zetu wataelewa bila kuelezwa jambo hilo lina uzito gani, na jinsi linavyoweza kumgeuza mtu kuwa mwenye uchungu. Yeye lilimgeuza kuwa mlezi wa watoto wa wengine.

Dokta Sun alifariki mjini Beijing tarehe 12 Machi 1925 kwa ugonjwa wa saratani. Alikuwa ameongoza serikali na kupokea fedha nyingi za wafuasi wake, lakini alipokufa alimwachia mkewe vitabu, nguo na nyumba moja huko Shanghai, ambayo nayo ilikuwa zawadi ya Wachina waliokaa Kanada. Mjane alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Baada ya msiba huo chama cha Dokta Sun, Kuomintang, kilimchagua Bibi Ching-ling katika halmashauri yake kuu, mwaka 1926. Katika mji wa Wuhan alifungua darasa la kuwafundisha wanawake uongozi, na kuwakusanya wanawake ili wawauguze askari waliojeruhiwa. Lakini mwezi wa Aprili 1927 Jemadari Chiang Kai-shek, aliyekuwa ameshika majeshi ya chama, aliwageukia Wakomunisti na viongozi wa wafanyakazi mjini Shanghai, na watu wengi wakauawa. Bibi Ching-ling alitangaza waziwazi kwamba mambo hayo ni kinyume cha mafundisho ya marehemu mumewe, akaondoka kwenda Urusi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, mdogo wake Mei-ling aliolewa na Chiang Kai-shek.

Hebu wasomaji waitazame hali hiyo. Shemeji yake mmoja alikuwa mtawala wa nchi. Shemeji wa pili, Bwana Kung, na kaka aliyemfuata, T. V. Soong, kila mmoja kwa zamu yake alikuwa waziri wa fedha. Mtu mwingine angaliona kwamba mlango wa neema umefunguka. Bibi huyu angaliweza kukaa kimya, akapokea heshima zote za mjane wa baba wa taifa, akajengewa nyumba na kuandaliwa karamu. Hakutaka. Mwaka 1929 alirudi kwa ajili ya maziko ya mumewe katika kaburi kubwa lililojengwa Nanjing, kisha akakataa kushika kazi yoyote ya serikali ile. Mwezi wa Desemba 1932 alianzisha, pamoja na wasomi kama Cai Yuanpei na Lu Xun, chama cha kutetea haki za raia na kuwasaidia waliofungwa kwa sababu ya siasa. Katibu wa chama hicho, Yang Xingfo, alipigwa risasi akafa barabarani mjini Shanghai mwezi wa Juni 1933. Watu wengi waliamini kwamba kifo hicho kilikuwa onyo kwa bibi mwenyewe, kwa kuwa kumwua mjane wa Sun kusingaliwezekana bila aibu kubwa. Chama kile kilikufa, lakini mama huyu hakuacha kusema.

Sasa twaja katika sehemu ya maisha yake inayotuhusu sana sisi wanachama. Mwezi wa Julai 1937 majeshi ya Japani yaliivamia Uchina kwa vita kuu. Miji ilitiwa mabomu, na mamilioni ya watu wakawa wakimbizi. Bibi Ching-ling alihamia Hong Kong, na mwezi wa Juni 1938 alianzisha huko Shirika la Ulinzi wa Uchina, ambalo licha ya jina lake halikuwa la kupigana. Kazi yake ilikuwa kukusanya dawa, nguo, vyombo vya hospitali na fedha kutoka kwa watu wema wa nchi zote, na kuvipeleka kwa majeruhi, wakimbizi na yatima. Rais wa shirika alikuwa T. V. Soong, kaka yake, na mwenyekiti alikuwa yeye mwenyewe. Walifanya kazi Wachina, Waingereza, Wamarekani na wengineo pamoja.

Twapenda kutaja mambo matatu ya shirika hilo. La kwanza ni kwamba lilichapa jarida lake, na humo lilitangaza misaada iliyopokelewa na mahali ilipopelekwa. Mtoaji wa shilingi kumi na mtoaji wa elfu kumi wote waliweza kufuata mali yao ilikokwenda.

La pili ni kwamba halikuwangojea matajiri peke yao. Mwaka 1941 bibi huyu aliongoza huko Hong Kong shughuli iliyoitwa bakuli moja la wali. Watu walinunua tikiti ya chakula, wakaenda katika mikahawa iliyokubali kusaidia, na badala ya karamu wakala bakuli moja tu la wali. Fedha iliyozidi ilikwenda kwa vyama vya ushirika wa viwanda, ambavyo wakimbizi na askari vilema walifanya kazi ndani yake kusuka nguo na kutengeneza vyombo, ili wale kwa jasho lao wasiwe waombaji. Huo ulikuwa msaada wenye akili, kwa sababu haukumfanya maskini azidi kuwa maskini.

La tatu ndilo lile swali letu. Katika nchi ya Uchina wakati ule palikuwa na majeshi mawili yaliyopigana na Wajapani, la serikali ya Chiang Kai-shek na la Wakomunisti, nayo hayakuaminiana. Tangu mwaka 1939 serikali ilizidi kuzifunga njia za kwenda sehemu za Wakomunisti, hata dawa zisipite. Bibi Ching-ling alishikilia kwamba msaada uende mahali penye shida kubwa na uchache wa dawa, bila kuuliza mgonjwa ni wa chama gani. Kwa hiyo alizisaidia hospitali za amani zilizokuwa vijijini huko kaskazini, ambako alifanya kazi mganga wa Kanada, Norman Bethune, aliyekufa mwaka 1939 kwa sumu iliyoingia katika damu alipokuwa akiwapasua majeruhi, na baada yake mganga wa Kihindi, Dwarkanath Kotnis, aliyekufa huko mwaka 1942. Kwa ajili ya msimamo huo alishitakiwa kuwa anatumika kwa siasa. Kaka yake T. V. Soong alijitoa katika urais wa shirika mwaka 1941. Bibi hakubadili shauri lake.

Wala asidhaniwe kuwa aliwachukia jamaa zake. Mwaka 1940 dada wote watatu walikutana, wakaenda pamoja Chongqing, mji mkuu wa wakati wa vita, wakawatembelea majeruhi na yatima mahali palipoangushwa mabomu. Mbele ya shida ya watu waliweza kuuweka ugomvi kando, ijapokuwa hawakuumaliza. Mwezi wa Desemba 1941, Wajapani walipoishambulia Hong Kong, bibi huyu alitoka kwa mojawapo ya ndege za mwisho, akaenda kuianza kazi upya huko Chongqing karibu mikono mitupu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, shirika lilibadilishwa jina likawa Mfuko wa Ustawi wa Uchina, na makao yake yakawa Shanghai. Mji ulikuwa umejaa watoto wa barabarani, na bei za vyakula zilipanda kila siku. Mfuko ulifungua vituo vya watoto katika mitaa ya maskini, vilivyogawa maziwa, kutibu magonjwa na kufundisha kusoma. Walimu hawakutosha, basi watoto wakubwa waliojua kusoma waliwekwa kuwafundisha wenzao, nao wakaitwa walimu wadogo. Mwaka 1947 uliongezwa pia mchezo wa kuigiza kwa ajili ya watoto. Huenda mtu akaona ni upuuzi kuwafikiria watoto wenye njaa kwa michezo, lakini bibi huyu aliamini kwamba mtoto hahitaji mkate peke yake, bali ahitaji pia furaha na kuona kwamba anahesabiwa kuwa mtu.

Mwaka 1949 Wakomunisti walishika serikali ya Uchina. Chiang Kai-shek na mkewe walikimbilia Taiwan, na jamaa wengine walihamia Marekani. Ching-ling alibaki, akawa mmoja wa makamu wa mwenyekiti wa serikali mpya. Tangu hapo dada hao hawakuonana tena mpaka kufa. Mwaka 1951 alipewa tuzo ya amani ya Stalin kutoka Urusi, iliyokuwa na fedha rubo 100,000. Fedha hiyo yote aliitoa, ikajengwa hospitali ya mama na watoto mjini Shanghai, iliyofunguliwa mwaka 1952 na ingali ikizalisha akina mama hata leo. Twakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa hapa Kenya. Nchi mbili zilizokuwa mbalimbali kabisa ziliona jambo moja kwa wakati mmoja, ya kwamba maendeleo ya nchi huanzia kwa mama na mtoto wake.

Hatupendi kuandika maisha ya mtu kana kwamba hakuwa na doa. Serikali aliyoitumikia ilifanya makosa makubwa, na katika njaa ya miaka 1959 hadi 1961 mamilioni ya Wachina walikufa. Yeye, aliyekuwa amesema bila hofu mbele ya Chiang Kai-shek, hakusikika kwa sauti ileile mbele ya umma katika miaka hiyo, naye alikuwa katika cheo cha juu. Wako wanaomlaumu kwa hilo, na lawama yao si ya bure. Yeye mwenyewe hakuepuka mateso. Mwaka 1966 ulipoanza msukosuko ulioitwa Mapinduzi ya Utamaduni, vijana walilivunja kaburi la wazazi wake huko Shanghai, ambalo baadaye lilitengenezwa tena. Aliishi Beijing kimya katika nyumba aliyopewa, akifuga njiwa na kuandika barua, mpaka dhoruba ilipopita.

Alifariki tarehe 29 Mei 1981, mwenye umri wa miaka themanini na minane. Siku chache kabla ya kufa kwake alipewa cheo cha heshima cha Mwenyekiti wa nchi. Watu walidhani atazikwa Nanjing karibu na mumewe, katika kaburi lile kubwa lenye ngazi nyingi. Lakini alikuwa amekwisha kuagiza vinginevyo. Alizikwa Shanghai karibu na wazazi wake, wale ambao aliwaasi alipokuwa msichana, na upande mwingine amelala mama mmoja aliyekuwa mtumishi wake wa nyumbani kwa zaidi ya miaka hamsini, aliyemtangulia kufa miezi michache tu. Mawe ya makaburi yao wawili, bibi na mtumishi, ni ya namna moja.

Ndugu zetu wanachama, tumeandika mengi, na sasa tuyalete nyumbani. Kenya na Uchina zilianza uhusiano wa kibalozi tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili tu baada ya Uhuru wetu, na tangu hapo tumezoea kusikia habari za Wachina kwa sababu ya barabara, reli na bidhaa za madukani. Ni vema kujua pia kwamba kati yao alikuwapo mama ambaye kazi yake haikutofautiana na kazi yetu. Mama anayebebwa usiku kutoka Bokoli kwenda Lugulu, Misikhu au Webuye ili ajifungue salama, ni yuleyule aliyefikiriwa na bibi huyu alipoitoa tuzo yake nzima. Kijana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akingoja kazi aweza kuwa mwalimu mdogo wa watoto wa jirani msimu huuhuu, kabla mahindi hayajavunwa. Na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya wanachama wote, wenye mchango mkubwa na wenye mchango mdogo, afanya jambo lililolifanya shirika la Hong Kong liaminiwe na watu wa mabara yote.

Kuhusu lile swali la nani apewe msaada, hatuna haki ya kuwaamulia wanachama kwa njia ya kijitabu hiki, kwa maana mkutano mkuu ndio wenye kauli. Hata hivyo twatoa shauri letu. Wakati nyumba ya mtu inapoungua, moto hauulizi mwenye nyumba ni wa ukoo gani, na majirani wanaochota maji nao hawaulizi. Chama cha ustawi kikianza kuuliza maswali hayo, hakitakuwa tena chama cha ustawi, kitakuwa chama cha namna nyingine chenye jina la zamani. Bibi Soong Ching-ling alilijua hilo, akapoteza ndugu kwa ajili yake. Sisi hatuombwi kupoteza ndugu. Twaombwa tu kufungua daftari, kumwandika aliye na shida, na kumpelekea haki yake.